Msusi wa Mota

Kibao cha karakana kiliandikwa zamani HAPA TUNASUKA MOTA, lakini jua na mvua vilikuwa vimelifuta neno la mwisho. Basi hakuna mwezi uliopita bila binti mmoja kuja na nywele zilizochanwa tayari, akakuta mama mnene wa miaka hamsini na mbili ndani ya ovaroli, koleo mkononi, mbele yake mota iliyotolewa utumbo. "Karibu mwanangu," angemwambia, uso mkavu. "Nina mtindo mmoja tu, wa mifereji thelathini na sita." Ndipo mtaa ukampa jina la Msusi, naye akaliitikia.

Kusuka mota ni kazi ya subira. Mota ikiungua, fundi huitoa shaba yote iliyoharibika, kisha huingiza waya mpya kwenye mifereji ya chuma, mzunguko kwa mzunguko, akihesabu kwa midomo. Ukisemeshwa katikati ukasahau hesabu, unaanza upya, na aliyekusemesha anajuta. Msusi alifundishwa na mjomba wake, ndugu wa mama yake, enzi ambazo watu walisimama njiani kumcheka mwanamke mwenye spana. Sasa mjomba alikuwa na miaka sabini na kitu na macho yake hayakuona tena waya mwembamba. Lakini kila asubuhi alikuja, akakalia kopo la rangi na kukosoa, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko zote alizowahi kufanya.

Shaba kuukuu haitoki kirahisi, maana vanishi huigandisha ndani ya mifereji. Mjomba alikuwa na dawa yake: unaitumbukiza mota kwenye moto wa kuni na oili chafu, vanishi inaungua, shaba inachomoka kama mnofu ulioiva. "Moto haubembelezi," alizoea kusema. Nusu ya mafundi wa mji ule walijifunza kwake kazi pamoja na msemo huo, na Msusi alikuwa wa kwanza.

Siku moja asubuhi akaja mkaguzi kutoka ofisi ya umeme, mwanamke kijana mwenye buti kubwa na maneno machache. Aliwakusanya wenye mashine wote mbele ya kinu cha Mama Unga.

"Transfoma yenu inabeba ampea mia na arobaini," alisema. "Nyie mnavuta mia na sabini. Umeme hautoshi mji mzima, na transfoma mpya sina. Baada ya wiki sita mtaa huu unaingia kwenye mgao. Leo mnao, kesho hamna."

"Mpaka lini?" Mama Unga akauliza.

"Sijui, mama yangu. Nikikutajia tarehe nitakuwa nakudanganya."

Watu walipiga kelele, wakachoka. Msusi alikuwa anapiga hesabu yake: kinu kikisimama siku moja kati ya mbili, Mama Unga atahamia mtaa mwingine, na kiwanda cha mbao kitamfuata. Mota zikihama, msusi wake atasuka nini? Karakana ingekufa kabla ya mwaka kwisha.

"Na tukishuka chini ya mia na arobaini?" akauliza.

"Mtazima mashine gani?"

"Hatuzimi hata moja."

Mkaguzi alimtazama, kisha akatoa kipimo chake cha umeme chenye mdomo wa kubana waya. Wakaanza kuzunguka mashine moja baada ya nyingine. Kwa Mama Unga alimwomba atoe mkanda, mota izunguke peke yake bila kusaga chochote. Namba ikapanda, ikakataa kushuka.

"Hii inakula hata ikiwa haina kazi," mkaguzi akasema. "Nani aliisuka?"

Mama Unga aliangalia pembeni. Msusi alihisi masikio yakimwaka moto. "Mimi," akasema.

Mtaa ulikuwa na mota saba kubwa. Sita zilipita mikononi mwake, na zote sita zilikuwa na ulafi ule ule. Ya saba, kubwa kuliko zote, ilikuwa ya kiwanda cha mbao cha Bwana Randa, na ilisukwa na mjomba mwenyewe. Miaka yote mtaa ulipokosa umeme wa kutosha, Msusi alikuwa wa kwanza kuilaani ofisi ya umeme. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni ile alipasua mota chakavu aliyokuwa nayo. Chuma cha mota si kipande kimoja. Ni bati nyembamba mamia kwa mamia, zimepangwa kama kurasa za kitabu, na kila ukurasa umepakwa utandu wa kuutenga na mwenzake. Alipozibandua aliona moto ulichofanya. Utandu ulikuwa umeungua, kurasa zimeshikana, na umeme uliotakiwa kuzungusha mashine ulikuwa ukipotelea humo ndani na kugeuka joto. Alikaa chini sakafuni akaona aibu kubwa. Aliwaza pia kunyamaza, maana ni nani angejua? Kisha akapiga moyo konde.

Kesho yake akajifunga kibwebwe. Alikwenda mlango kwa mlango kwa wateja wake sita akawaambia kwamba mota aliwaharibia mwenyewe, bila kujua, na kwamba atazirudia. Mmoja alimtukana. Mama Unga alicheka hadi akashika kiuno. "Msusi, kumbe ulinisuka zile za haraka, twende kilioni!" Lakini alifungua mota yake siku hiyo hiyo.

Sasa hakutumia moto. Alikata kwa patasi shaba iliyojitokeza nje ya mifereji, akailoweka mota kwenye dawa ya kulainisha vanishi, akavuta waya mmoja mmoja hadi vidole vikachubuka. Kurasa zilizoshikana alizitenga na kuzipaka vanishi upya. Waya alitumia wa unene ule ule wa kiwandani, si ule mwembamba unaoingia upesi. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku tano.

"Unabembeleza chuma?" mjomba akamuuliza kutoka kwenye kopo lake. "Au umekuwa msusi kweli?"

Wiki ya tano mota sita zilikuwa tayari, na mtaa ulivuta mia na arobaini na tano. Ilibaki ile ya Bwana Randa, naye akakataa katakata. "Aliyeisuka yuko hai. Akiniambia yeye, nitaifungua. Usiponiletea neno lake, huigusi."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Msusi angeweza kutangaza kosa la fundi yeyote mbele ya watu, lakini mjomba ndiye aliyempa spana watu wakimcheka. Akasema moyoni, heri lawama kuliko fedheha. Alizipanga mezani mota mbili pacha, moja iliyochomwa, nyingine iliyolowekwa, akaziwasha zikazunguka bure kwa saa nzima.

"Mjomba, macho hayana kazi hapa. Weka viganja."

Mzee aliweka kushoto, akaweka kulia. Kushoto aliondoa upesi. Akarudisha, akaondoa tena.

"Hii ndiyo ya moto?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na zote nilizofanya?"

Mjomba alijifuta viganja kwenye suruali muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji, akainuka bila kuaga. Msusi alibaki akijua amemvunja moyo mtu aliyemlea, na iliuma kuliko matusi yote ya wateja.

Asubuhi alimkuta kwa Bwana Randa, amesimama katikati ya maranda, wafanyakazi wote wamezima misumeno wakisikiliza.

"Mota hii niliiunguza mimi," mzee alikuwa anasema, sauti juu. "Miaka arobaini nimeunguza, na nimewafundisha watu kuunguza. Huyu amejua zaidi yangu. Mfungulieni."

Waliifungua pamoja. Mjomba ambaye hakuona waya aliweza kuhisi ukurasa ulioshikana kwa kucha, akautenga, akampa Msusi apake. Bati mia nne na kumi. Siku tatu hakukosoa kitu.

Mkaguzi alirudi wiki sita zilipotimia. Mashine zote zikawashwa, mbao zikalia, kinu kikanguruma, naye akabana waya chini ya transfoma. Alisoma, akabana tena kuhakikisha.

"Mia na thelathini na sita," akasema. "Mgao hauji hapa."

Mama Unga alipiga kigelegele. Msusi aliingia karakana akajiegemeza mezani na kulia kwa sauti, machozi ya wiki sita.

Mjomba akachungulia mlangoni. "Lia upesi, fundi," akamwambia. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mafundi kumi na moja niliowafundisha wako nje. Nimewaita waje wakusikilize jinsi ya kusuka bila moto, na naona haya kuanza kuwaambia peke yangu."