Pampu ya Mume Wangu

Mwanzo wa miaka ya tisini, hapo kwetu Likoni, jirani yangu alisimama uani kwangu akahesabu vitambaa vilivyoanikwa kambani, kisha akaniuliza nani kazaa. Vilikuwa vipande vya kanga kuukuu, nimevikata sawasawa na kuvipindia ncha, kumi na vinne siku ile. Nikamwambia ni vya kufutia vyombo. Akasema mashaallah, vyombo vyako vyalelewa. Tangu hapo nikawa naanika chumbani, na chumba kikashika harufu ya unyevu ambayo hata udi haukuiweza.

Hakuna aliyezaa. Vitambaa vilikuwa vya mume wangu. Alikuwa fundi wa mabomba kwenye matangi ya mafuta kule Changamwe, mtu aliyefunga vali maisha yake yote. Akapata ile tezi ya wanaume watu wazima, inayobana mkojo. Akapasuliwa, tezi ikaondoka, na mkojo nao ukakosa mlango. Akikohoa, unatoka. Akiinuka kitini, unatoka. Mie nilidhani ni mambo ya wiki mbili. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, na sote wawili hatujui tumkasirikie nani.

Kilichomuuma zaidi ni msikiti. Sheikh alimwambia mwenye udhuru ana njia yake, ajifunge vizuri, atie udhu wakati ukishaingia, aswali. Lakini yeye aliogopa kudondosha kwenye mkeka wanaposujudu watu. Akawa anaswali nyumbani, kando ya kitanda, mlango kaufunga.

Katika hali hiyo ndipo posa ya binti yetu ikaja, kijana wa watu, hana neno. Nikahi ikawekwa mwezi wa Mfungo Saba, msikitini, baada ya Alasiri. Baba ndiye walii, ndiye wa kumshika mkono bwana harusi na kutamka maneno. Wakwe, waliosikia tu ni mgonjwa, wakapendekeza mdogo wa mume wangu apewe uwakili, aoze kwa niaba yake. Jambo la kawaida, halina aibu. Mume wangu akakataa.

"Nina binti mmoja," alisema. "Sitamwoza kwa mdomo wa mtu mwingine."

Nilitaka kumwambia aache ubishi. Kisha nikamtazama machoni, nikaenda zangu kufua vitambaa.

Tukasikia kuna daktari mgeni ng'ambo ya feri, kisiwani, anayetia watu mashine ya kuzuia mkojo. Daktari akatuchorea kwenye karatasi. Pete ya mpira yenye maji, inayozunguka njia ya mkojo na kuibana. Kifuko kidogo tumboni cha kuwekea maji yale. Na pampu, ndogo kama kokwa ya tende, imefichwa ndani ya mfuko wa korodani. Ukitaka haja unaibana pampu, maji yanaikimbia pete, njia inafunguka. Mie niliitazama karatasi ile nikaigeuza juu chini. Mume wangu aliielewa mara moja. Alitikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya fundi mwenziwe.

Akatiwa. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani karowa vilevile. Wiki nne nzima nikamfulia nimenuna, nikiamini tumechezewa shere. Siku niliyochoka nikamuuliza mashine yenyewe iko wapi, mbona siioni kazi yake. Akasema imelazwa. Daktari kaizima ilale wiki sita, pete iwe wazi, mpaka kidonda kipone, halafu ndipo aiamshe.

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema. Miaka thelathini nimekaa na mtu huyo.

Wiki ya sita tukavuka tena. Daktari akaiamsha pampu kwa kuibonyeza kwa nguvu, mzee akauma meno. Akatueleza polepole, na nesi akatufasiria. Bana mpaka uisikie imelainika, fanya haja yako, ukimaliza usiiguse. Maji yatarudi yenyewe kwenye pete, dakika mbili tatu, itakuwa imejifunga. Tukarudi na feri. Mume wangu alisimama kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na tuliposhuka akanisogelea sikioni akasema, mkavu. Nililia pale pale kwenye kilima cha feri, watu wakadhani nimefiwa.

Alasiri hiyo akatia udhu, akasimama kuswali, akarowa.

Magharibi, vilevile. Siku ya pili akakaa barazani asubuhi nzima, mkavu. Akala, akacheka na watu, akainua gunia la mkaa, mkavu. Adhana ikatoka, akaenda chooni, akatawadha, akanuia, na kwenye rakaa ya kwanza kitu kikashuka. Siku nne ikawa hivyo. Mashine ilimtii kwa kila jambo ila kwa swala. Nilifikiri joto, nikafikiri kuinama, nikafikiri jicho la yule jirani aliyehesabu vitambaa. Nikamfunga hirizi kiunoni, akaifungua. Nikawaza hata mambo nisiyoyaamini. Kichwa kiliniwanga, sikujua pa kushika.

Siku ya tano hakwenda kutawadha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi.

"Labda sitakiwi," akasema.

Wallahi hakuna maneno yaliyonikata maini kama hayo. Nikamwambia astaghfirullah, nyamaza, na mie mwenyewe nilianza kuogopa ni kweli. Zilibaki siku tisa. Mdogo wake alikwisha kushonesha kanzu mpya ya uwakili.

Ghadhabu ndiyo iliyoniokoa. Adhuhuri ya kesho yake nilimwambia simama, twende. Nikaingia naye chooni. Akapiga kelele kidogo, hii ni haya gani, nikamwambia haya iliisha nilipoanza kukufunga nepi. Fanya unavyofanya kila siku, nami nitazame.

Akabana pampu. Akakojoa vizuri, mkondo mzima kabisa, nikafurahi. Akamaliza. Akakohoa mara tatu. Akabana tena. Akajifuta, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akarudi, akakohoa, akabana tena.

"Wabana tena ya nini?"

"Nastibirai," akasema, kama anayemweleza mtoto. Ndivyo walivyofunzwa chuo cha Kurani tangu wadogo, mwanamume asiondoke chooni mpaka ahakikishe tone la mwisho limetoka, akohoe, atembee, ajikamue, asije akaswali na najisi.

"Daktari kakwambia ukimaliza usiiguse."

"Daktari haswali."

Nikaegemea ukuta. Kumbe kila alipoikamua apate kutakata, alikuwa aufungua mlango upya, kisha atoka mbio kuwahi swala ungali wazi. Fundi wa vali, jamani. Nilitaka kumpiga kwa kata ya maji. Nilimweleza, akabisha. Nikamweleza tena, akabisha, kwamba asipobana ataingiwa na shaka, na mwenye shaka ataswali vipi. Mwisho nikamwambia basi, kohoa utakavyo, tembea utakavyo, pete bado imelegea, lililobaki litatoka lenyewe. Lakini mkono weka kichwani, na usitoke mpaka nikwambie.

Jina la Mungu halitajwi chooni, kwa hiyo tasbihi nikaishika mie, nje ya mlango. Tisini na tisa, taratibu, zitimie zile dakika tatu za daktari, ndani nasikia mtu akikohoa na kuburura ndara. Nilipomaliza nikagonga. Akatoka mkono bado uko kichwani. Akatawadha, akaswali rakaa nne, akatoa salamu kulia na kushoto, na hakuinuka. Alikaa pale pale kwenye msala akijipapasa kanzu, kavu.

Siku nane tukafanya hivyo, mara tano kwa siku, na mara mbili alirowa, na sikujua ni kwa nini. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Siku ya nikahi nilihesabu tasbihi mara mbili nzima. Akaenda zake kwa miguu, hakutaka kitambaa. Nikamsihi, akasema akijifunga atakuwa hana hakika nayo, na leo ataka kuwa na hakika.

Nilikaa na wanawake nisisikie wanachosema. Niombe lipi, awe mkavu au awahi kutamka kabla hajarowa? Mtu akanipa kahawa nikaimimina kwenye sahani ya halua.

Wanaume wakarudi kwa kasida, matwari yakilia barabarani. Wanawake wakanigeukia, maana kigelegele cha kwanza ni cha mama. Mie nilimwona mume wangu akipita uchochoroni kuja mlango wa uani, nikawaacha. Nilimkuta amesimama karibu na ndoo. Sikumpa salamu. Nilimshika mabega nikamgeuza.

"Nimemwoza," akasema, mgongo kanipa. "Mwenyewe."

Mpaka leo mwanangu hunilaumu kwamba siku ya nikahi yake mama mtu hakupiga kigelegele. Sijamwambia nilikuwa uani, nimepiga magoti, kanzu ya babake nimeishika kwa mikono miwili natafuta doa.