Redio Ajifunza Kusema kwa Mikono

Fundi viatu huyu mtaa mzima ulimwita Redio, na aliyempa jina hilo hakumwonea. Ukimpelekea kiatu kilichobanduka soli, kabla hajapaka gundi umeshapata habari za mvua, za mpira, za goti lake linalouma na za jirani aliyehama. Misumari aliibana mdomoni, na bado maneno yalipenya katikati ya misumari.

Miaka saba nyuma redio hiyo iliwahi kuzimika. Mke wake aliugua wiki tatu tu, akafariki, na fundi akajifungia ndani. Hakuwa mtu wa kanisa. Mara ya mwisho kuingia humo ilikuwa siku ya harusi yake. Lakini kanisa dogo la jirani, lile lenye bati la bluu, lilituma kina mama wanne. Hawakumhubiria. Mmoja alifagia uwanja, mwingine akaosha vyombo vilivyolala siku tatu, na wawili wakakaa naye tu, kimya, mpaka jua likapungua makali. Wakarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne uvumilivu ukamshinda.

"Mama zangu, mnataka nini kwangu?"

Mkubwa wao, mwanamke mwembamba ambaye wote walimwita Bibi Mlezi, alijibu huku akikunja shuka. "Hatutaki kitu, mwanangu. Sisi tunaamini Kristo alitupokea tukiwa mikono mitupu. Basi na sisi tunapokea. Hiyo ndiyo kazi ya kanisa letu, nyingine zote ni nyongeza."

Jumapili iliyofuata alikwenda. Baada ya mwaka alibatizwa, na haikupita muda akawekwa mlangoni kukaribisha wageni. Nani angefaa zaidi ya mtu asiyeishiwa maneno?

Ndipo Jumapili moja asubuhi akaja mpiga pasi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ndiyo kwanza amehamia mtaani kufanya kazi kwa dobi wa barabara ya juu. Redio akamshika mkono, akamwaga karibu zake zote. Mwanamke akaonyesha sikio lake, akatikisa kichwa. Redio akadhani hajasikika vizuri. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kisha kubwa zaidi tena, hadi kwaya iliyokuwa ikijaribu nyimbo ndani ikanyamaza na mtu mmoja akaangua kicheko. Mwanamke hakucheka wala hakukasirika. Akaonyesha sikio mara ya pili, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. Uso wa Redio ukawaka moto. Maisha yake yote aliishi kwa ulimi, na leo ulimi haukumfaa kitu.

Mpiga pasi akakaa kiti cha nyuma kabisa. Jumapili nyingine akaja, na nyingine. Watu walimpa mkono, wakamchekea kwa meno yote kama anavyochekewa mtoto mchanga, kisha wakapita kwenda kuzungumza na wenzao. Miezi mitano ikaenda hivyo.

Jumanne moja alifika kibandani kwa Redio na ndala ya ngozi. Akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika: "Mkanda umekatika." Redio akaipokea ndala, akaigeuza, akaiweka chini. Kisha akaomba kalamu.

"Husikii kinachosemwa," aliandika. "Kwa nini unaendelea kuja kanisani?" Alipomaliza alitamani kuifuta, lakini mwanamke alikwisha kuisoma.

"Biblia naisoma, baba. Nataka kuishika imani hii pamoja na watu. Peke yangu nimekaa vya kutosha."

Redio akasoma mara mbili. Kisha akaandika: "Nifundishe lugha yako."

Mpiga pasi akavitazama vidole vinene vya fundi, vilivyokauka gundi kwenye kucha, akaandika: "Una miaka mingapi?"

"Sitini na mmoja."

"Basi tuanze leo."

Kuanzia siku hiyo, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi, mpiga pasi akitoka kazini, benchi la wateja liligeuka darasa. Haikuwa rahisi. Vidole vilivyozoea kuvuta uzi miaka arobaini vilikuwa vigumu kama ngozi ambayo haijalainishwa. Siku moja Redio alijikaza, akamwambia kwa fahari kwamba Mungu anampenda. Mwanamke alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi, akaandika: "Umesema Mungu amenichoka." Redio naye akavunjika mbavu. Wapita njia waliona watu wawili wakicheka bila neno hata moja kusemwa, wakashangaa leo redio imepatwa na nini.

Kazi ngumu ilikuwa maswali ya mpiga pasi. Neno lililopita kila Jumapili bila Redio kulitupia jicho, yeye alilisimamisha. Neema ni nini? Redio akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamweleza kwa nusu saa nzima, kwa mifano na mistari. Fundi akakuna kichwa.

"Mchungaji, ni maneno mazuri, lakini hayaingii mkononi."

"Wewe mwenyewe ulilielewaje, ndugu yangu?"

Redio akaondoka na swali hilo. Alhamisi ile, kwa ishara chache alizokuwa nazo na daftari pembeni, alimsimulia mpiga pasi habari za mkewe, mlango uliofungwa, vyombo vichafu, na kina mama waliokuja bila kuitwa na bila kudai kitu. "Mimi sikuwa na la kuwapa," alimalizia. "Hata asante sikuwapa." Mwanamke akalifunga daftari. Kisha akamfundisha ishara ya neno lenyewe, neema.

Ilipotimia miezi minane Redio alianza kusimama mbele, ubavuni mwa mchungaji, akigeuza mahubiri kuwa ishara. Jasho lilimtoka hata siku za baridi. Mpiga pasi sasa alikaa kiti cha kwanza. Si wote waliofurahi. Mzee wa kanisa mmoja, fundi saa, mtu mnyoofu asiyependa vurugu, alilalamika kikaoni kwamba ile mikono inapeperusha mawazo ya waumini.

"Watu mia wanasumbuka kwa ajili ya mmoja," alisema.

"Huyo mmoja tulimwambia karibu," mchungaji akajibu. "Au tulikuwa tunatania?"

Tangu hapo fundi saa alikaa ibadani ameinamisha macho.

Siku ya kupokelewa rasmi, mpiga pasi alisimama mbele kusema anachoamini. Yeye aliashiria, Redio akatoa sauti. "Ninamwamini Mungu aliyeniumba hivi nilivyo, bila kukosea. Ninamwamini Yesu aliyenifia na kufufuka. Ninaamini ananielewa nikiomba kwa mikono." Watu wakaitika amina. Mwanamke akaendelea, na safari hii sauti ya Redio ikasita.

"Anasema... anawashukuru kwa kumpokea."

Mpiga pasi hakusikia, lakini alijua urefu wa alichosema, na aliona midomo ya fundi imefunga mapema. Akamgeukia, akampa ishara moja: yote.

Redio akatazama nyuso zile, nyuso za watu waliomtoa gizani. Akapiga moyo konde.

"Nisameheni, nimeruka maneno. Anasema hivi: Miezi mitano mlinipa mkono mlangoni, kisha mkaniacha. Mlinikaribisha ndani ya nyumba, lakini hamkunikaribisha kwenye mazungumzo. Hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani. Sisemi kwa hasira. Nasema kwa sababu kuanzia leo ni nyumba yangu, na nyumbani mtu husema."

Bibi Mlezi, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, akainuka polepole, akaenda mbele na kumkumbatia mpiga pasi. Alipomwachia akabaki amemshika mikono yote miwili. Fundi saa alitoka kabla ya wimbo wa mwisho, na Redio akarudi nyumbani moyo mzito, akijiuliza kama amewaudhi watu.

Jumanne, saa tisa na nusu, fundi saa akatokea kibandani. Akavua viatu vyake vyeusi, akaviweka mezani. Redio akavipindua, akaminya soli, akakagua mishono. Havikuwa na kasoro yoyote.

"Hivi vina nini, mzee?"

Fundi saa akatazama barabarani. "Nataka kujua namna ya kumuuliza habari za nyumbani."

"Mimi si mwalimu," Redio alisema, akimsogezea nafasi kwenye benchi. "Mwalimu anakuja saa kumi. Kaa."

Wakakaa pamoja wakingoja, mmoja na soksi zake, mwingine na kiatu cha mteja mapajani. Mpiga pasi alipofika na kumwona mgeni, aliweka mkoba chini, akavuta kigoda mbele yao, akaanza na salamu ya habari za nyumbani. Fundi saa akakosea mara tatu. Ya nne akaipata, na mwanamke akamjibu kwamba nyumbani ni wazima, isipokuwa mama yake, ambaye kifua kinamsumbua.