Lulu binti Shamsa

Mwezi uliopita nilipanda Tukuyu kwa ajili ya msiba, na kwa kuwa mvua ya kwetu haimsubiri mgeni, nilijibanza ndani ya jengo moja kuukuu kwenye mashamba ya chai. Sasa wanaweka mbolea humo. Nikavuta pumzi nikitafuta harufu ya farasi. Wapi! Nilipowaambia vijana wapakiaji kwamba lile lilikuwa banda la farasi wa Kiarabu, walitazamana kama watu waliokutana na mwehu.

Wewe lakini utaniamini. Babu yangu mzaa mama alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, mtu wa pwani aliyeletwa huku milimani na meneja Mzungu pamoja na farasi jike kutoka jangwani Arabuni, jina lake Shamsa. Meneja alirudi kwao baada ya Uhuru, akamwachia babu Shamsa na watoto wake wawili: Radi, dume mwekundu mwenye maringo yake, na Lulu, jike wa kijivu, mpole hadi unamsahau.

Nikiwa mtoto, asubuhi nilikuwa nakoroga pumba za farasi jikoni mwa banda, nimefukia ndizi yangu kwenye majivu ya moto. Babu akichana manyoya ya Lulu alikuwa akitaja ukoo wake: binti Shamsa, binti Rima, binti Ghazala, mpaka yatimie majina tisa. Niliyakariri yote. Mwalimu alinichapa kwa kutojua saba mara nane, ilhali nawajua bibi wa farasi hadi jangwani.

Ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa. Shamsa alikuwa ameshakufa kwa baridi ya masika, na babu amelazwa hospitali miezi, kifua kimembana. Tuliambiwa tuhame, na kiwanja tulichopewa kilikuwa cha kulisha farasi mmoja, kwa shida. Hapo ndipo alipotokea mvuta magogo wa Kiwira, anataka farasi, mbele yake anaswaga mtamba mnene, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Baba yangu, Mnyakyusa asiyejua kumpita ng'ombe bila kumsifia, akamfungua Lulu, wakabadilishana.

Mama akamwuliza kwa nini asimngoje mwenye mali.

"Tunahama keshokutwa, nimngoje mpaka lini?" baba akasema. "Mzee mwenyewe atashukuru. Nimemwachia dume. Dume ndiye mwenye ukoo, jike ni wa kuolewa tu."

Mimi nilikuwa pale mlangoni, nafurahi, maana Radi ndiye niliyempenda.

Babu alirudi amekonda, akapitiliza moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba mpya. Akamkuta Radi.

"Mkwe, jike yu wapi?"

Baba akaeleza, na kwa fahari akamwonyesha mtamba. Babu akakaa chini kwenye majani mabichi. Akasema taratibu kwamba watu wa jangwani humhesabu farasi kwa mama yake. Radi angezaa mia, hakuna hata mmoja ambaye angekuwa wa nyumba ya Shamsa. Nyumba ile ilikuwa imebaki kwa Lulu peke yake.

Baba hakumaliza hata chakula. Alimchukua yule mtamba akaenda naye Kiwira kwa miguu, kwenye mvua. Siku ya tatu akarudi, mtamba bado yuko naye. Lulu alikuwa ameteleza mteremkoni na gogo nyuma yake, akavunjika mguu, wakammaliza. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya hapo.

"Hukunikosea," babu alimwambia. "Umehesabu kama ulivyolelewa." Lakini majina hakuyataja tena, na Radi alikuwa akimchana kimya kimya.

Radi aliishi miaka kadhaa. Watu walikuja hata kutoka Masukulu kumtazama, kisha naye akafa, na siku hizi mtoto wa Rungwe humjua farasi kwa picha ya kitabuni. Mabonde ni yaleyale, chai ni ileile. Ukoo ule uliovuka bahari, ukapanda reli na milima kuja kwetu, haukuacha hata mzao mmoja.

Baba alizeeka akijua kosa ni lake peke yake. Majina tisa, ya kike matupu, nilikuwa nayo mdomoni siku ile pale mlangoni. Sikuyataja siku ile, na baba nilimzika bila kumwambia kwamba ningeweza kumzuia.