Darasa la Kaka Yangu

Harufu ya wanga wa muhogo unaochemka ndiyo harufu ya Jumapili zangu zote za miaka ile ya hamsini, nyumbani kwetu Makorora, Tanga. Mama aliukoroga mpaka ukawa mzito kama uji wa mgonjwa, nami nikachovya humo nguo za shule za kaka yangu Salimu, nikazianika uani, kisha nikazipiga pasi ya mkaa zingali na unyevu. Mvuke ulinipanda puani na uchachu wake, na upepo ukigeuka ulichanganyika na uvundo wa mkonge uliotoka mashambani nje ya mji. Marinda ya kaptura ya kaki yalitakiwa yasimame wima, vinginevyo mwalimu wa zamu angemrudisha bwenini mbele ya wenzake. Nilizijua nguo zile kuliko mwenye kuzivaa. Nilijua kifungo kipi kimelegea, na doa lipi ni la wino na lipi ni la embe. Kaptura ile ilikwenda mahali ambapo mimi nisingefika, na sioni haya kusema kwamba niliionea wivu hata kaptura.

Salimu alinizidi miaka miwili. Alikuwa sekondari hapohapo mjini, lakini analala bweni, anakuja nyumbani Jumamosi mchana na kurudi Jumapili jioni. Mimi niliishia darasa la sita. Sikushindwa, mtihani wa mwisho nilikuwa wa kwanza, na mwalimu wetu, Bi Agnesi, alinishika bega mbele ya darasa zima. Lakini mwaka huohuo nilivunja ungo, na baba, karani wa forodhani, mtu wa maneno machache, alimwambia mama, "Kurani amehitimu, barua anajua kusoma. Yatosha." Nikawekwa ndani kama wasichana wote wa mtaa wetu. Nilitoka kwa buibui tu, nyuma ya mama, kwenda arusini au kilioni. Wenzangu wengine walifurahia kukua. Mimi niliuona ukubwa kama kitasa.

Jumamosi Salimu hakuja peke yake. Alikuja na rafiki zake wawili wa darasani ambao kwao kulikuwa mbali. Mmoja alikuwa Hilali, mtoto wa mwenye minazi kutoka Mwera, upande wa Pangani, kijana wa mizaha ambaye hakuweza kusimulia jambo akiwa amekaa. Wa pili alikuwa Elia, mtoto wa Kilutheri kutoka milima ya Usambara, mwembamba, mpole, ambaye Kishambaa chake kilichungulia kila alipofungua kinywa. "Shikamoo, mama," Elia alisema mlangoni, akiinama, na mama yangu moyo ukamlainika. Tangu siku hiyo wali wa Jumamosi ulipikwa kwa hesabu ya wana watatu.

Walikaa ukumbini kwenye mkeka. Kati ya ukumbi na ujia wa kwenda uani palikuwa na pazia la kitambaa cha maua, na mimi nilivuta mbuzi yangu ya kukunia nazi mpaka karibu nalo. Sikio halilali na njaa. Niliyasikia yote: mwalimu wa historia waliyempa jina la Bwana Kwahiyo kwa kuwa hakuna sentensi aliyoianza kwa neno jingine, maharage ya bwenini yaliyokuwa na wadudu wengi hata Hilali akadai Ijumaa ndiyo siku yao ya nyama, na safari ya darasa lao kwenda Tongoni kuyatazama makaburi na msikiti wa kale. Safari hiyo niliisikia mara nyingi hata nikaiota. Ndala ya Hilali ilikatika njiani, Elia akamfungia kwa ukambaa wa mkonge, kisha Bwana Kwahiyo, akiwaeleza kwamba mawe yale yanastahili heshima, akateleza na kukaa juu ya mojawapo. Walicheka mpaka sauti zikawakauka. Nami nyuma ya pazia nilicheka kimyakimya, na kabla kicheko hakijakwisha kiligeuka uchungu. Waliyekuwa wakimcheka walikuwa wamemwona. Mimi nilikuwa nimekopeshwa kicheko chao tu.

"Mwanahamisi!" mama aliniita kutoka jikoni. "Nazi yakauka mkononi, weye masikio yako yako ukumbini!"

Basi ikakaribia siku ya wazazi shuleni, na darasa lao likapewa kazi ya kuigiza mchezo. Ulikuwa mchezo wa tajiri mmoja anayewadhulumu majirani zake viwanja, na mkewe anayemkanya mpaka akatubu. Salimu alikuwa tajiri. Mke, kwa kuwa shule ilikuwa ya wavulana watupu, akawa Elia. Jumamosi hiyo walikuja kumwomba mama kanga na buibui, na Elia akaona haya kama mwari wa kweli. Alijaribu kutembea, akaenda kama mtu anayeshuka mlima na mzigo wa kuni. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaita, "Mwanahamisi, njoo umwoneshe huyu mtoto." Nikajifunika vizuri, nikatoka.

Sijui kama nimewahi kuwa na majuma mazuri kuliko yale. Mama akiwa amekaa pembeni anachambua mchele, nilimfundisha Elia namna ya kufunga kanga, kukaa, kuinua ushungi, na kuteta na mwanamume bila kupaza sauti. "Hebu sema tena, dada," aliniambia, na nilisema tena. Walipokuwa wakikariri, mimi nilirudi nyuma ya pazia, na kwa kusikia tu maneno yakaniingia, ya mke, ya tajiri, hata ya majirani. Jumamosi moja Salimu alikwama katikati ya maneno yake marefu. Alirudia mwanzo, akakwama tena palepale. Nami bila kufikiri nikamtajia kutoka nilikokuwa, kisha nikaendelea mpaka mwisho.

Hilali aliruka. "Lo! Mwenyewe hajui, pazia lajua!"

Elia alicheka, mama akacheka. Salimu alitabasamu kwa meno tu. Sikulitilia maanani, kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika na wivu wangu mwenyewe, nao haukuacha nafasi ya kumwona mwingine.

Siku ya wazazi baba alitupa ruhusa, mimi na mama tukaenda, tukaketi na wanawake nyuma kabisa. Niliyaona kwa mara ya kwanza yale niliyokuwa nikiyasikia: madirisha marefu, madawati yaliyochorwa majina kwa visu, na Bwana Kwahiyo mwenyewe, mfupi kuliko nilivyomchora. Elia alipotoka na kanga ya mama yangu, akaketi kama nilivyomfundisha, ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Mikono yangu ilipiga makofi na moyo wangu ukauma. Mwendo ule ulikuwa wangu. Sauti ile ilikuwa yangu. Mchezo ulipokwisha, mkuu wa shule aliuliza kwa mzaha ni nani aliyemfundisha kijana yule mwendo wa kike. Elia, ambaye hakujua kuficha jambo, akajibu kwa sauti: "Ni dada yake Salimu, bwana. Yeye aujua mchezo wote kutushinda sisi." Watu waligeuka kutafuta. Bi Agnesi, aliyekuwa kati ya wageni, hakuhitaji kutafuta.

Haukupita muda akaja nyumbani, Jumapili alasiri, Salimu hajarudi bwenini, amevaa viatu vyake vya kufunga. Nilimsikia akimwambia baba kwamba kuna nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, kwamba yeye mwenyewe atanipeleka na kunitazama kama mwanawe. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia kaka yangu.

"Salimu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Huko shuleni kwenu mambo unayaona. Wasemaje?"

Niliushika upindo wa pazia. Nilingoja kaka yangu aseme neno moja tu.

"Mama atabaki na nani, baba?" Salimu alisema. "Na huko bwenini wasichana huharibika."

"Umesikia, mwalimu," baba akasema, naye akainuka kumsindikiza.

Jioni hiyo mama hakuniita jikoni. Alichukua mbuzi, akakuna nazi zote peke yake, akaniacha nimelala kifudifudi kitandani. Hilali na Elia hawakuja tena Jumamosi. Salimu alisema wana masomo mengi. Baada ya muda nikaposwa na mfanyabiashara wa Pangani, mtu mwema, nikazaa, nikalea, na sina la kumlaumu.

Darasa lile halikutawanyika. Walipata vyeo, wakapata matumbo na mvi, lakini kila Idi walikutana nyumbani kwa Salimu, na Krismasi baadhi yao walipanda milimani kwa Elia. Nikiwa Tanga sikukuu nilisaidia kupakua pilau, na palepale sinia likiwa mkononi nilikisikia kisa cha Tongoni kikianza upya. Mwaka mmoja Hilali alisema ndala yake ilifungwa kwa kamba ya kiatu.

"Kwa ukambaa wa mkonge," nikamsahihisha. "Elia ndiye aliyekufungia."

Waligeuka wote. Elia akatikisa kichwa kwa furaha, "Kweli kabisa!" Lakini Salimu hakunitazama. "Wewe hukuwepo," akasema, akanyoosha mkono kuchukua kachumbari. Asiyekuwapo na lake halipo. Nilirudi jikoni na sinia langu, nikasimama mbele ya sufuria kama mtu aliyesahau alichofuata.

Salimu alipougua ugonjwa uliomchukua, wanawe walikuwa mbali, nikaja kumuuguza. Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji, akausukuma mkono wangu taratibu.

"Mwanahamisi, siku ile ya Bi Agnesi. Mimi nilikuonea gere."

Nilidhani homa imepanda. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekuonea wivu wewe. Dunia nzima yajua."

"Mimi nilikariri mwezi mzima," alisema. "Wewe unakuna nazi, na unajua. Nikasema moyoni, huyu akija huko, mimi nitakuwa nani?"

Nilikuwa na maneno ya miaka mingi, nimeyapanga na kuyapangua nikifua, nikipika, nikinyonyesha. Nilimfuta mdomo, nikamwinulia mto, naye akasinzia. Huzuni niliijua, hasira niliijua. Lakini siku ile, Mungu anisamehe, kilichonijia kwanza kilikuwa furaha ndogo iliyochelewa: kwamba na mimi niliwahi kuonewa wivu.

Watu wa rika langu hupenda kusema zamani ilikuwa bora, watoto walikuwa na heshima na masomo yalikuwa masomo. Siwabishii kuhusu heshima. Lakini nikiipima zamani yangu na siku hizi, mizani huinamia upande mmoja tu. Wajukuu zangu wa kike wanasoma pamoja na wavulana, wanapigana picha darasani, wana mizaha ambayo ukiwauliza maana yake hushindwa kukueleza kwa kucheka. Husema mbele yangu kwamba shule inachosha. Hapo mimi hutoka nje, nikajifanya natafuta kuku.

Januari hii mjukuu wangu Zuhura alikuwa anakwenda bweni kwa mara ya kwanza. Nilishika mkono mmoja wa tranka lake la bati mpaka stendi, ingawa kila mtu alinikataza. Tukalitua kivulini. Miguu ilikuwa inaniuma, nikaketi juu yake. Wasichana wenziwe walikuwa wamefika, wamevaa sare, wanaitana majina ya darasani, na mmoja akaniamkia, "Shikamoo, bibi," nami nikamwitikia bila kusogea. Basi likaja, utingo akaanza kupakia mizigo, watu wakasukumana.

"Bibi," Zuhura aliniambia, "inuka, wananiacha."

Nilimsikia. Nilikaa kidogo tena juu ya tranka lile, na mikono yangu miwili imeshika kingo zake.