Kanga za Harusi Juu ya Mnara

Wasomaji wangu, leo nilikusudia kulalamika juu ya takataka za Darajani, na maneno yangu makali nilikuwa nimeshayapanga. Lakini juzi, baada ya sala ya alasiri, utingo wa gari la Mkokotoni alinishika mkono sokoni. "Bwana, una habari? Bi Mkubwa wa mnarani katutoka. Tushamzika jana." Nilisikitika sana. Marehemu alikuwa mke wa mlinzi wa mnara wa taa ulioko rasini, kaskazini ya kisiwa. Hakuwa jamaa yangu, na nilikutana naye mara chache tu, lakini watu ninaowastahi kwa dhati si wengi, naye alikuwa mmoja wao.

Nilimjua miaka michache iliyopita nilipokwenda kuuandika mnara wenyewe, ambao wengi wetu wa mjini tunausikia tu. Umejengwa kwa mawe na chokaa tangu zama za babu zetu, unaipita minazi yote ya pale kwa urefu, na ngazi zake huzunguka ndani kwa ndani mpaka mtu akapata kizunguzungu. Juu kabisa kuna chumba cha vioo, na katikati yake kimesimama kioo kinene chenye mikunjo, kinachochukua mwanga wa taa ya mafuta na kuupeleka mbali baharini ili wenye vyombo wajue miamba iliko. Ila kioo hicho hakina adabu: mchana hulikusanya jua vilevile na kulileta ndani, penye mbao na mafuta. Kwa hiyo kila asubuhi lazima chumba kizungushiwe mapazia. Mlinzi aliyekesha na taa hulala mchana, basi mapazia yakawa kazi ya mkewe, kazi ambayo hakuna aliyemwajiri.

Mwaka ule mapazia yalikuwa yameoza kwa jua na chumvi, na kitambaa kipya kilichoombwa mjini kilikuwa kila siku "kinakuja". Asubuhi moja bibi huyu akasikia harufu ya kuungua, akapanda mbio, akakuta ubao wa sakafu unafuka moshi. Aliuzima kwa kanga aliyojitanda. Kisha akateremka, akafungua sanduku la binti yake aliyekuwa karibu kuolewa, akatoa doti zote za harusi, mpya, hazijaguswa na maji, akaenda kuzitundika juu. Mnara ukiungua, mumewe angepoteza kazi na nyumba, na vyombo vingepanda miamba.

Watu wa chini waliona nyekundu, manjano na zambarau zimejaa kileleni. Siku haikuisha ikavuma kuwa mke wa mlinzi anajishaua, anawatangazia manahodha sanduku la mwanawe. Siku niliyofika mimi, ndiyo siku aliyofika mama wa bwana harusi kuja kuivunja posa. Nilikuwa nimekaa barazani na kalamu yangu, sijui niondoke au nijifanye kiziwi.

"Mwenzangu, mwanangu hatooa mwari anayenadiwa juu ya mnara," alisema mgeni, hata hajaketi.

"Nshakusikia, Bi. Lakini nnakuomba upande nami kwanza. Ukishashuka ukisema imevunjika, basi imevunjika."

Niliwafuata nyuma, sote tunahema. Juu, mwenye nyumba aliweka kumbi kavu la nazi sakafuni, akaifunua kanga moja. Tukangoja. Jua likapita kwenye kioo, likajikusanya, na kumbi likaanza kutoa moshi mbele ya macho yetu. Akalikanyaga, akairudisha kanga mahali pake.

"Mbao zetu zilianza hivi hivi," alisema. "Nkazitazama kanga za mwanangu, nkalia, kisha nkazileta."

Mgeni akaona upande mmoja jua bado linapenya, kwa kuwa kanga hazikutosha. Akavua ya mabegani mwake, akaifunga pale. "Na yangu ikae," alisema. "Hata kwangu watu wako baharini."

Harusi ilifanyika. Kitambaa cha mjini kilikuja siku chache kabla yake, na binti aliingia kwa mumewe na kanga zilizopauka upande mmoja. Nasikia hakuna aliyethubutu kumcheka.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, hasa siku hizi ambapo mjini kwetu kila mtu anataka kuonekana anang'ara. Tunasifu taa ya usiku, na inastahili sifa. Anayeizuia isituunguze mchana hatumtaji, na mimi mwenyewe nimengoja mpaka afe ndipo nikamwandika.

Jana asubuhi nilikwenda rasini kutoa mkono wa pole. Nilipokuwa nimekaa na mfiwa barazani, niliona juu kabisa mkono wa mwanamke unavuta pazia. Nikamuuliza yuko nani kule.

"Mama mkwe wa binti yangu," alijibu mzee, akijifuta macho. "Tangu siku ya maziko hupanda yeye. Nilimwambia apumzike, akanambia jua halingoji tumalize msiba."