Nilikula Ukuta wa Nyumba Yangu

Siku ile siwezi kuisahau, mwanangu, maana kiganja bado kinaniwasha. Nilipiga meza ya karani wa ofisi ya mikopo ya nyumba, hapa Mahajanga, nikaipiga kwa nguvu zangu zote huku wewe uko mgongoni. Kidau cha wino kikapinduka. Watu kwenye foleni wakanyamaza. Na wewe, uliyekuwa unalia tangu tulipotoka nyumbani, ukanyamaza pia, kisha ukacheka.

Najua nasaha hutolewa na wazee. Mimi sijazeeka, na wewe hata meno hujamaliza kuota. Lakini nimewasikia wazee wetu wakisimulia mambo yaliyowachoma ujanani: wamekaa, wanatabasamu, hasira imekwisha zamani, na msikilizaji hajui tena ilikuwa na uzito gani. Sitaki kukupa nasaha iliyopoa. Nakuandikia ingali moto, na nakuandikia kwa Kiswahili cha koko, bibi yangu wa Nosy Be, ambacho hapa mjini kimebaki kwenye dua na kwenye mizani ya wafanyabiashara wachache. Ofisini tuligombana kwa Kifaransa, sokoni tunasema Kisakalava, ndani ya nyumba Kingazija. Haya ya leo ni yetu wawili.

Kiwanja hiki cha mtaa wa Ampisikina nilipewa na koko. Kwetu Wangazija nyumba ni ya binti, mume huja na sanduku lake. Ila kiwanja bila kuta ni mchanga tu, na sisi tulikuwa tunalala kwenye kibanda cha mbao kilichovuja kila pembe. Bendera mpya ya uhuru ilikuwa imepandishwa juzijuzi, mji mzima unajenga, na baba yako akapata kazi ya kudumu Nosy Be, fundi wa mashine katika kiwanda cha sukari. Mshahara wake ndio uliotufungulia mkopo. Koko hakulipenda neno riba, lakini alinyamaza, maana mvua ilikuwa inamnyeshea mjukuu wake. Kuta zikapanda, mabati yakapigiliwa. Nyumba yenyewe ikawa rehani: tukishindwa kulipa, wanaichukua.

Mimi nilikuwa nafundisha watoto wadogo kusoma. Ulipozaliwa wewe nikaacha. Ukabaki mshahara mmoja, na huo mmoja uko ng'ambo ya maji.

Sasa sikiliza wazimu wangu. Nimesoma sekondari, hesabu ya riba naijua. Nikaenda kwa karani nikamwuliza: nikileta zaidi ya fungu la mwezi, deni lenyewe litapungua? Akaniita Ramatoa, ndiyo bibie ya hapa: "Bila shaka, Ramatoa. Leta tu." Mwanangu, nilitoka pale kama niliyeota mabawa. Nikaacha kupanda pusipusi, kile kigari kinachovutwa na mtu, nikatembea kwa miguu. Nikawa navuka ghuba hadi Katsepy kununua samaki wakavu kwa wavuvi wenyewe. Chai ya maziwa nikaisahau, nikawa nakunywa ranovola, yale maji yanayochemshwa kwenye sufuria yenye ukoko wa wali, na nikajiambia ni matamu. Baba yako akaniandikia kwamba ameacha sigara. Kila mandati yake, ile hawala ya pesa, ilipofika posta, nilikwenda ofisini nikikimbia, nikalipa fungu, nikaweka na ziada. Nikirudi nyumbani nachukua kipande cha mkaa, naweka alama ukutani, kuanzia mlangoni: mpaka hapa ni petu. Mwezi mwingine nasogeza alama. Siku tuliyofika dirishani nilikurusha juu mpaka kichwa chako kikakaribia bati.

Hiyo ndiyo furaha niliyokwenda nayo siku ile, kuomba cheti cha deni lililobaki. Karani akaangalia, akaniambia deni limebaki kama mtu ambaye hajaleta ziada hata mara moja.

"Na ziada yangu?"

"Ilichukuliwa, Ramatoa. Ilikuwa imewekwa kando, ikingoja saini ya mumeo. Shemeji yako akaja. Alisema yeye ndiye mkubwa wa familia, na kuna ndoa kubwa."

"Ukampa?"

"Mtu mzima kama yule, ningemkataliaje? Tena mbona unakasirika? Si ulikuwepo? Hata mimi nilialikwa. Nyama ilikuwa laini."

Hapo ndipo nilipopiga meza.

Nikueleze ndoa kubwa ni nini, maana labda wakati wako itakuwa imepungua. Kwetu mwanamume anaweza kuwa na mvi kidevuni, na bado mjini ni mtoto, mpaka afanye sherehe ile: ng'ombe, wali wa mtaa mzima, dhahabu, zawadi kwa wazee. Akishaifanya, hukaa mbele msikitini na neno lake husikilizwa. Baba yako mkubwa aliitaka heshima hiyo kwa miaka. Hana kazi ya kueleweka, na hilo nilikuwa nalijua. Lakini sherehe ilipokuja, mimi ndiye niliyemenya vitunguu saumu mpaka vidole vikawaka. Nilijifunga shiromani mpya, nguo yetu ya kujitanda, nikacheza na wanawake wenzangu, nikasema mashallah kwa sauti kuliko wote. Sikuuliza ng'ombe wametoka wapi. Nilipewa bakuli lililojaa, na mfupa wenye uboho nikakupa wewe. Ukaunyonya kwa raha zako. Ulikuwa unanyonya dirisha letu, mwanangu, na mimi nilikuwa nimekula ukuta mzima kuanzia mlangoni.

Nilikwenda kwake moja kwa moja kutoka ofisini. Alikuwa barazani, kanzu nyeupe.

"Shemeji, umekuja na jua lote hili? Kaa unywe maji."

"Sikuja kunywa. Nataka pesa ya nyumba yangu."

"Ile ni pesa ya mdogo wangu. Imempa heshima. Leo akipita mjini ni mdogo wa mtu."

"Zamani alikuwa mdogo wa nani?"

Akaniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mtu mwenye homa. "Kaa unywe maji, shemeji."

Nikakubeba, nikapanda meli ndogo ya mizigo iendayo Nosy Be. Ulinitapikia njia nzima. Sikulala, nilikuwa napanga maneno, maana jambo lililonitisha sasa halikuwa pesa tena. Nilitaka kujua kama baba yako alijua.

Tulimkuta kwa koko, ndiko anakolala, amekuja kula mchana, nguo zinanuka sukari iliyoungua. Sikusalimia hata. Nikamwuliza pale pale mlangoni.

"Kaka aliniandikia kwamba anaomba kidogo," akasema. "Nikamjibu azungumze na wewe."

"Hakuzungumza na mimi."

"Naona."

Akakaa chini. Nilipomwambia nitashitaki, akaniambia polepole, "Zaliha, yule ni kaka yangu. Ukimshitaki, mimi nitasimama wapi msikitini?"

"Utasimama pale pale ulipokuwa ukisimama."

Nikaanza kufoka. Nilifoka vizuri, mwanangu, kila neno nililopanga melini lilitoka. Koko alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Ofisini ulifanya nini?" akauliza.

"Nilipiga meza."

"Meza ndiyo iliyokula pesa?"

Baba yako akacheka. Koko akamtazama, akaacha kucheka.

"Umemfokea karani," akaniambia. "Umemfokea shemeji yako. Sasa umempandisha mtoto huyu meli, anatapika, ili uje umfokee na mume. Na siku ya vitunguu? Ulikuwa na mdomo huu huu. Mbona hukuuliza nani amenunua ng'ombe? Uliona haya. Uliona raha pia. Basi usiniletee hasira ya leo kana kwamba ulikuwa umelala."

Nikakaa chini, nikakufuta matapishi kidevuni.

Akasogeza ungo pembeni. "Kaka wa mumeo usimpeleke ofisini. Huyo ni wetu, nitakuja mwenyewe Mahajanga, tutakaa naye mkekani na wazee wake, na atarudisha, hata kama ni kidogo kidogo. Ila karani aliyefungua droo si ndugu yetu. Alipokea pesa mkononi mwako akaitia mkononi mwa mwingine. Huyo mwandikie mkubwa wake. Umesomeshwa kwa nini? Barua hawawezi kuiambia ikae inywe maji."

Niliandika pale pale, juu ya sanduku la baba yako, wewe umelala miguuni mwa koko. Nilipomaliza nikamwekea baba yako kalamu mbele yake. Alikaa akiitazama muda mrefu. Nilijua anachokiona: safu ya mbele msikitini, kaka yake, watu wakinong'ona. Sikusema kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kupiga meza. Kisha akafuta grisi mkononi kwa suruali.

"Niweke wapi?"

"Chini yangu. Wewe ni shahidi."

"Chini yako?"

"Kiwanja ni changu."

Akatia saini. Aliandika jina lake lote, mpaka la babu yake.

Mahajanga karani aliposoma ukurasa wa kwanza akasema mkurugenzi hayupo, niache barua niende. Nikamwambia agonge muhuri kwenye nakala yangu kwanza. Akasema si lazima. Nikasema nitakaa. Tukakaa, mimi na wewe, kwenye benchi la wateja, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umeshalikojolea benchi lile mpaka sakafuni. Muhuri ukagongwa.

Basi chukua haya, mwanangu, kabla sijawa mzee mpole. Ukialikwa kwenye sherehe ya watu wako, nenda, cheza, kula, lakini kabla hujafunga shiromani uliza nani amelipa. Watakuita mkosefu wa adabu. Adabu haikuzuii kuuliza. Ukipeleka pesa mahali popote, usitosheke na "leta tu". Uliza inakaa wapi, na nani mwingine anaweza kuichukua. Ukikasirika, kasirika, mimi siwezi kukukataza kitu nilichokurithisha. Ila tazama unamkasirikia nani, umpate yule hasa, na umpate kwa maandishi. Na baba yako mkubwa umwamkie kwa heshima. Anakupenda, hukununulia kashata. Yake tutayamaliza sisi kwenye mkeka.

Mungu akupe nyumba yenye kivuli, isiyo na mtu wa kutoka nayo vipande vipande. Akupe mume anayeuliza aweke wapi saini yake. Akukuze, akuhifadhi, akujaalie mdomo wa mama yako na utulivu wa koko wako. Amina.

Barua yenyewe hii hapa, nimekugeuzia kutoka Kifaransa:

Kwa Bwana Mkurugenzi wa ofisi ya mikopo ya nyumba, Mahajanga.

Mimi Zaliha, mkazi wa Ampisikina, mwenye kiwanja ambacho juu yake imejengwa nyumba mliyoishika rehani, naleta kwako malalamiko rasmi. Kila mwezi nilileta kwenye meza yenu fungu la mkopo pamoja na ziada ya kupunguza deni. Karani wenu alipokea na kuniambia kwamba deni linapungua. Halikupungua. Ziada hiyo aliitoa kwa mtu ambaye si mkopaji, si mwenye kiwanja, na hana barua kutoka kwangu wala kwa mume wangu.

Nataka ziada yote ihesabiwe kwenye deni kana kwamba haikutoka mikononi mwenu, na riba ipigwe upya tangu siku nilipoleta kila fungu. Namna mtakavyoidai kwa mliyempa ni shauri lenu. Nataka pia asipewe mtu yeyote pesa ya nyumba hii bila saini yangu, awe mkubwa wa familia ama mkubwa wa mji.

Karani wenu amenijibu kwamba hata mimi nilikula kwenye sherehe iliyofanywa kwa pesa hiyo. Ni kweli, nilikula. Nilialikwa kama mgeni, Bwana Mkurugenzi. Hakuna aliyenialika kama mlipaji.

Nangoja jibu la maandishi. Mpaka lifike, nitaendelea kuleta fungu la kila mwezi katika siku yake, na nitalihesabu kwa sauti, mbele ya foleni.