Akina Kahindi Charo na Programu Iliyofungwa

Mwanangu, upumbavu mkubwa wa ujana wangu sikuufanya disko wala ugenini. Niliufanya nimekaa kitini, tumbo likiwaza wali wa nazi. Naikumbuka siku yenyewe. Miaka ya themanini ilikuwa yaelekea mwisho, nami karani wa zahanati moja ndogo Malindi, cheti cha kidato cha nne kikinifanya nijione profesa. Daktari akaleta kompyuta, akaniachia nichague programu ya kutunzia kadi za wagonjwa.

Zilikuwa mbili. Moja aliileta muuzaji wa Mombasa, tai shingoni: nzuri, tayari kwa kazi, ila imefungwa. Ndani haruhusiwi mtu kutazama wala kugusa. Nyingine alikuwa nayo Mwalimu Baya wa Tezo, mtu wa hesabu. Hiyo ni bure, na maandishi yake ya ndani yote yasomeka. Ukitaka ubadilishe, ukitaka umgawie mwenzio. Lakini sura yake mbaya, na yataka mtu akae aisome. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema Jumamosi tatu. Jumamosi mimi, mwanangu, hata kwa harusi hunitoi nyumbani. Nikachukua ya muuzaji.

Sasa majina ya huku wayajua. Mgiriama humpa mtoto jina la babu, kwa hiyo Kahindi Charo amzaa Charo Kahindi, naye amzaa Kahindi Charo, na kijiji kizima cha Ganda kimejaa wao. Programu ile ilikuwa na nafasi ya majina mawili tu. Nikaandika Mombasa waongeze nafasi ya jina la mama. Wakanijibu kwa adabu kwamba nisubiri toleo jipya.

Ningali nasubiri, jirani yangu Kadzo akamleta mwanawe Kahindi, ana homa. Nikatoa kadi ya Kahindi Charo. Muuguzi akaisoma, akavuta penisilini kwenye sindano. Kadzo akamshika mkono.

"Sista, dawa hiyo mwaka jana ilimziba pumzi. Hamkuandika?"

Tuliandika, kwenye kadi ya Kahindi wake. Mimi nilikuwa nimetoa ya Kahindi mwingine.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Tezo. Niliivuruga programu ya Mwalimu mara mbili, na sikuwa na wa kumlaumu. Hiyo ndiyo taabu ya kitu cha bure. Lakini jina la mama likaingia.

Sikwambii kununua ni vibaya. Muuzaji naye ana wanawe wa kulisha, na hakunidanganya. Nakwambia kitu kinachobeba uhai wa watu, chagua kile ambacho nyinyi wenyewe mwaweza kukifungua mkakitengeneza, na ukubali jasho lake. Mola akupe hamu ya kujifunza, akusitiri siku utakayokosea, na wanao wakue salama.

Nilipomwendea Kadzo kumweleza habari ya programu zilizofungwa na zilizo wazi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Athumani, mambo ya mashine siyajui. Uvivu wako naujua."